Neema haijakuishia, na pesa za chama zirudi

*“Nimeokoka tangu 2014. Mimi ni fundi wa nguo hapa Umoja, nalea mtoto peke yangu. Mwaka jana kazi ilipungua, nikaacha kutoa fungu la kumi. Miezi michache baadaye kijana wangu wa miaka sita akaanza kushikwa na pumu usiku. Mhubiri mmoja aliyekuja kwa mkutano wa mtaani akaniambia nimeanguka kutoka kwa neema, madirisha ya mbinguni yamefungwa, nipande mbegu ya elfu tano ili yafunguke. Sikuwa nazo. Mimi ndiye mweka hazina wa chama chetu cha kuchangiana pesa. Nilichukua elfu tatu za chama, mbili nikakopa kwa simu, nikatuma. Mtoto bado anakohoa. Wenzangu hawajajua. Nikipiga magoti nashindwa kufungua mdomo. Mama yangu, ambaye ni Mkatoliki, anasema niende nikaungame kwa padri. Rafiki yangu anasema neema ni bure, Mungu anaelewa, niache kujisumbua. Je, kwa mtu kama mimi neema imeisha?”*

Dada yangu, asante kwa kuandika bila kujificha. Nikikuelewa vizuri, kinachokunyima usingizi ni wazo kwamba Mungu alikupimia kiasi fulani cha wema wake, ukakimaliza, na kifua cha mtoto wako ndicho ushahidi. Nakujibu wazi: haijaisha. Vilevile nakuambia wazi kwamba elfu tatu za chama ni deni la kweli na lazima zirudi. Naomba uyashike yote mawili mpaka mwisho wa barua hii, kwa sababu kila mmoja wa wale waliokushauri amelishika moja na kuliacha la pili.

Nianze na mtoto, maana yeye hawezi kungoja tumalize theolojia. Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa. Zinavimba na kubana, hewa inapita kwa shida, na kwa watoto wengi usiku ndio huwa mbaya zaidi. Huchochewa na baridi, mafua, vumbi, moshi wa jiko la makaa au wa taka zinazochomwa nje ya ploti. Ukishona kwenye chumba mnacholala, hata vumbi la vitambaa laweza kumsumbua. Mimi si daktari, kwa hiyo mpeleke kliniki hata kama wiki hii amepata nafuu, umwulize daktari kuhusu dawa ya kuzuia, ile inayotumiwa kila siku hata mtoto asipokohoa, na ile ya kufungua kifua akishikwa. Usimwachishe inhela kwa sababu mtu amekuambia kuitumia ni kukosa imani. Ukimwona anavuta pumzi kwa nguvu hadi ngozi ya katikati ya mbavu inazama, au hawezi kumaliza sentensi, au midomo inabadilika rangi kuwa ya buluu, hiyo ni dharura. Beba mtoto uende Mama Lucy au hospitali yoyote iliyo karibu zaidi, hata kama ni saa nane usiku. Utaomba ukiwa njiani.

Je, ni adhabu? Wanafunzi walimuuliza Yesu swali hilihili mbele ya mtu aliyezaliwa kipofu: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Akawajibu, “Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake.” Yohana 9, aya ya tatu. Hakuwaachia nafasi ya kupiga hesabu. Najua pia kuna mtu atakayekukumbusha Daudi, ambaye mtoto wake alikufa baada ya dhambi ya baba. Habari hiyo ni nzito na siwezi kuilainisha. Lakini angalia kwamba pale nabii Nathani alitumwa kwa mfalme mmoja, kwa tendo moja, akiwa na neno alilopewa juu ya jambo hilo. Hakuna aliyepewa neno la namna hiyo juu ya kijana wako. Kanuni ambayo Biblia inaiweka kwa watu wote iko Ezekieli 18, kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Mtu akisimama mbele ya mama ambaye mtoto wake anakohoa na kumwambia “ni wewe,” anafanya kazi ya rafiki zake Ayubu, na mwishoni mwa kitabu kile Mungu aliwakasirikia wao.

Sasa tuje kwa neema yenyewe. Wengi wetu hapa Nairobi tunaishi nayo jinsi tunavyoishi na tokeni za stima, umeme unaoulipia kabla ya kuutumia. Siku ya kuokoka umejaziwa. Ukikosa kesha, yuniti zinashuka. Ukimfokea mteja, zinashuka. Ukikosa fungu la kumi miezi mitatu, unaanza kuogopa giza. Halafu anatokea mtu mwenye namba ya kutumia pesa, anakuambia tuma kiasi hiki, taa zitawaka.

Tazama jinsi mtego huo unavyofanya kazi. Kama mtoto angepona wiki ile, ungeamini ni ile elfu tano iliyomponya, na kikohozi kingine kingekudai mbegu kubwa zaidi. Kwa kuwa hakupona, utaambiwa imani yako ilikuwa ndogo, au mbegu haikutosha, na bado utadaiwa nyingine. Hakuna tokeo lolote linaloweza kuonyesha kwamba fundisho lile ni la uongo, na kila tokeo linamalizikia mfukoni mwako. Ndiyo maana hofu yako haikupungua baada ya kutuma. Hofu ikishalipwa hurudi kudai tena.

Petro alikutana na jambo hili mapema kabisa. Huko Samaria, Simoni mchawi alileta fedha ili anunue uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu. Petro hakumwomba aongeze. Alimwambia, “Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali.” Iko Matendo 8:20. Maneno hayo ni makali, nami nayasoma kwanza kwa wanaouza. Wewe ulikuwa mama mwenye hofu. Aliyekuuzia ndiye atakayejibu zaidi.

Na lile neno “umeanguka kutoka kwa neema” limetoka Wagalatia 5:4. Fungua uisome sura nzima, utashangaa. Paulo hakuwa akiwaandikia walioshindwa kutoa, wala waliolala badala ya kukesha. Walikuwa watu wenye bidii sana ya dini, waliokuwa wameambiwa kwamba imani katika Kristo haitoshi, kwamba lazima waongeze tohara ndipo wakubalike kwa Mungu. Kwa hao ndio alisema, “Mmetengwa na Kristo, ninyi mtakao kuhesabiwa haki kwa sheria, mmeanguka na kutoka katika hali ya neema.” Maana yake, anayeambiwa pale kwamba ameanguka ni yule anayejaribu kuongeza malipo juu ya kazi ya Kristo. Aya uliyotishwa nayo inamwonya mhubiri wako kuliko inavyokuonya wewe.

Malaki naye, ambako yametoka yale madirisha ya mbinguni, ametumika vibaya. Aya ya “leteni zaka kamili ghalani” inaendelea kusema “ili kiwemo chakula katika nyumba yangu.” Zaka ile, yaani fungu la kumi, ilikuwa nafaka, divai, mafuta na wanyama. Ililisha Walawi, watumishi wa hekalu, ambao hawakugawiwa urithi wa ardhi kama makabila mengine, na kila mwaka wa tatu, kulingana na Kumbukumbu la Torati 14, iliwekwa kwa ajili yao na ya mgeni, yatima na mjane. Watu walipoacha kuileta, Walawi waliondoka hekaluni wakarudi kulima ili wasife njaa. Nehemia 13 inaeleza hivyo. Wizi uliokemewa ulikuwa wa chakula cha watu wasio na kitu. Wewe unalea mtoto peke yako kwa cherehani moja. Kwa zaka ile ya mwaka wa tatu, sioni kwa nini usingekuwa kwenye foleni ya wanaopokea.

Nisieleweke vibaya. Mimi nafundisha watu kutoa, na sioni haya kufundisha hivyo. Wakristo hawakubaliani kama fungu la kumi ni sheria kwetu leo, ila wote wanakubaliana kwamba moyo uliopokea hutoa. Paulo alipochangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu aliweka kipimo chake: mtu hukubaliwa “kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo.” Akaongeza kwamba asitoe kwa huzuni wala kwa lazima. Pesa uliyokopa kwa simu ni ya kadiri ya usivyo navyo. Pesa ya chama hata si yako. Mungu hakuomba yoyote kati ya hizo.

Sasa niseme na rafiki yako, aliyekuambia Mungu anaelewa, usijisumbue. Amekupenda, na nusu ya alilosema ni kweli. Lakini wenzako kwenye chama nao wana watoto, na labda mmoja wao anangojea zamu yake ili alipe karo. Neema inayokufanya utulie huku pesa zao hazipo, hiyo sijaiona katika Biblia. Paulo aliuliza kama tudumu katika dhambi ili neema iongezeke, akajijibu mwenyewe, “Hasha!” Na katika Tito 2 anasema neema ya Mungu “yatufundisha kukataa ubaya.” Neema inasamehe, na neema hiyohiyo inafundisha. Ukiikata nusu moja ukaitupa, hata ile iliyobaki inaharibika.

Jambo hili lilibishaniwa zamani hapa Afrika. Pelagio, mwalimu wa Kikristo wa karne ya tano, alifundisha kwamba mwanadamu ana nguvu za kutosha kuacha dhambi akiamua tu. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alimpinga kwa miaka mingi: alisema hata hiyo nia ya kuamua inahitaji kuponywa na Mungu kwanza. Mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Karthago wa mwaka 418 ukawa upande wa Augustino. Nakutajia hili kwa sababu nadhani unangojea nguvu zako zirudi ndipo utengeneze mambo na Mungu. Kwa jinsi Augustino alivyouona moyo wa mtu, ungengoja milele. Nguvu ya kutengeneza ni sehemu ya zawadi.

Nataka tukae kidogo kwa Zakayo, Luka 19, maana kesi yake inakaribiana na yako. Alikuwa mtu wa hesabu, na alikuwa amechukua pesa za watu. Yeriko nzima ilijua. Yesu alipofika chini ya ule mkuyu hakusema, “Rudisha kwanza, nikupime, kisha nitaona.” Alisema, “Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako.” Deni lilikuwa halijalipwa hata senti moja, na mgeni ameshaingia mlangoni. Watu walinung'unika kwa sababu hiyohiyo. Ndipo Zakayo akasimama, bila kuombwa, akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, “na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne.”

Angalia mpangilio ule. Kama kulipa kungetangulia, ingekuwa biashara. Kama Yesu angekula, akaondoka, na waliodhulumiwa wa Yeriko wasirudishiwe chochote, ingekuwa dhihaka kwao. Alipokelewa akiwa bado na deni, na kupokelewa kule ndiko kulikompa ujasiri wa kusimama mbele ya watu na kusema kiasi. Nina hakika kabla ya siku ile alishawahi kufikiria kurudisha. Aibu humfanya mtu afiche, na aliyejificha hawezi kulipa, kwa sababu kulipa ni kujitangaza. Kwa hiyo nikikuambia kwanza pokea msamaha, nakupa njia pekee ninayoijua inayofika mpaka kwenye deni lenyewe.

Wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukafika Kenya muongo huohuo, walilijua hili. Waliokolewa wakashuhudia kwa wimbo na machozi, kisha wakarudisha vitu walivyokuwa wameiba na kulipa madeni waliyokuwa wamekana. Majirani waliokuwa hawajali mahubiri walishangaa kuona mali ikirudi.

Mama yako pia yuko sawa kuliko unavyodhani. Kwao kitubio kina majuto, maungamo, maondoleo na malipizi, na padri mwenye busara atakuambia vilevile urudishe pesa. Kuhusu neema, tofauti yetu na Wakatoliki ipo, lakini tarehe 31 Oktoba 1999 kule Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, bila stahili yoyote upande wetu, na kwamba Roho anayetufanya upya ndiye anayetuwezesha kutenda mema. Wamethodisti waliungana nao mwaka 2006. Basi usione kama mama anakuvuta kwenye dini nyingine. Kama si padri, nenda kwa mchungaji wa kanisa lako, ila hakikisha kuna mtu mmoja mwenye mwili na masikio aliyesikia jambo hili kutoka kwako kabla wiki hii haijaisha. Dhambi iliyobaki kichwani peke yake inakua.

Kuhusu chama, ningefanya hivi. Usingoje mkutano na usitume ujumbe kwenye kundi la simu. Mwombe mwenyekiti mkutane ninyi wawili, mama na mama. Sema kiasi, sema tarehe, sema uliipeleka wapi, na usianze na pumu ya mtoto kana kwamba ndiyo iliyoiba. Nenda na chochote ulicho nacho, hata kama ni mia tano, pamoja na mpango wa kulipa unaowezekana kweli kwa mapato yako. Mwambie uko tayari kukabidhi daftari na ufunguo wa sanduku kwa mwingine. Inawezekana watakuondoa kwenye nafasi hiyo, na wana haki. Inawezekana mmoja atakutangaza mtaani. Siwezi kukuahidi kwamba watu watakupokea jinsi Mungu anavyokupokea. Neema haizuii kila matokeo, na ningekudanganya kama ningesema itazuia. Lakini mtu aliyejua hakika kwamba hatatupwa na Mungu anaweza kubeba hasira ya wenzake kwa majuma kadhaa.

Ule mkopo wa simu nao uumalize kabla ya kutoa sadaka nyingine yoyote kubwa, na usikope kwingine kuulipa. Ukiona huwezi, mweleze mchungaji wako na shemasi mmoja. Makanisa mengi yana mfuko wa wahitaji, na kuupokea si aibu. Yule mhubiri usimtumie tena hata shilingi, hata akipiga simu kuuliza hali ya mtoto.

Umesema ukipiga magoti mdomo haufunguki. Usilazimishe maombi marefu. Yule mtoza ushuru wa Luka 18 alisimama mbali, akapiga kifua, akasema maneno machache tu: “Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi.” Yesu alisema huyo ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki. Na siku ambayo hata hayo hayatoki, Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Keti tu. Waebrania 4 inatuita kwenye kiti cha neema “kwa ujasiri,” na inawaita wenye udhaifu, wanaohitaji kusaidiwa, kwa sababu Kuhani Mkuu anayetungojea alijaribiwa kama sisi.

Kuna jambo moja ambalo barua haiwezi kulitimiza. Kuna hatia inayotulia mtu akiungama na kurekebisha, na kuna hatia ya namna nyingine inayoendelea kusaga hata baada ya hapo: unatubu dhambi ileile mara kumi kwa siku, hulali, hakuna chakula kinachopita, unaona kila ajali ni Mungu amekukasirikia. Ukishamaliza mambo ya chama na bado uko hivyo baada ya majuma mawili matatu, huo ni ugonjwa unaotibika, nao unahitaji mshauri nasaha au daktari pamoja na mchungaji. Uliza hospitalini kliniki ya afya ya akili iko siku gani; ikibidi watakuelekeza Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili. Na kama hata sasa umewahi kuwaza kwamba mtoto angekuwa salama zaidi bila wewe, au kwamba ni afadhali usiwepo, usingoje majuma wala Jumapili. Mwambie mama yako leo, kwa maneno hayohayo, aje alale kwako, na kesho asubuhi mwende naye hospitalini.